Pinki: Rangi Iliyotoka Kwenye Mkasi



Kila ukiingia Mfungo Mosi na harusi zikaanza kufuatana, sisi mafundi huulizwa maswali ya rangi kuliko hata ya mishono. Na katika rangi zote, hakuna inayoleta maneno kama pinki. Bibi harusi anaipenda, mama mkwe anasema ni ya kitoto. Mama anamchagulia mwanawe wa kiume, shangazi mtu anakirudisha kitambaa dukani. Mmoja kasoma kuwa pinki maana yake mahaba, mwengine kaambiwa maana yake udhaifu. Na mara nyingi maneno haya huanza wakati kitambaa kimeshakatwa na pesa imeshalipwa.

Kwa hiyo leo tumeona tulifuate neno lenyewe huko lilikotoka. Pinki si neno letu la asili. Ni la Kiingereza, pink, tumelipokea tukalitia irabu mwishoni kama tulivyofanya kwa shati na koti. Ukilijua lilivyozaliwa, utajua pia ni kiasi gani uyaamini hayo yanayosemwa juu ya maana yake.

Mwanzo lilikuwa kitendo, tena cha fundi

Waingereza walikuwa na neno pink miaka mingi kabla halijawa rangi. Lilikuwa kitenzi, na maana yake ilikuwa kuchoma au kutoboa kwa kitu chenye ncha. Kufikia karne ya 15 na ya 16 mafundi wa nguo walikuwa wakilitumia kwa kazi yao. Ku-pink kitambaa ilikuwa kukitoboa vitundu au kukikata mikato midogo midogo kwa mpango, ili kiwe pambo. Zama zile matajiri wa Ulaya, wanaume kwa wanawake, walivaa hariri na satini zilizochanwachanwa makusudi, bitana ya rangi nyengine ikachungulia chini yake. Leo tungesema nguo imeliwa na panya, lakini kwao ilikuwa ndiyo fahari.

Baadaye neno likahamia kwenye pindo. Karne ya 18 magauni ya hariri yalipambwa kwa vipande vilivyokatwa ukingoni kwa meno meno au kwa mawimbi. Walitumia kifaa cha chuma chenye makali yaliyopindwa. Kitambaa kilitandazwa juu ya ubao, kifaa kikawekwa, kikagongwa kwa nyundo. Ukingo wa namna ile ulipendeza, na pia ulipunguza kuchomoka kwa nyuzi. Sababu yake mafundi tunaijua. Ukikata kitambaa moja kwa moja, uzi mrefu unachomoka wote kwa pamoja. Ukikata kwa meno, kila uzi unakutana na mkato wa mshazari na unakwisha pale pale, hauna njia ndefu ya kufumukia.

Mwaka 1893 mwanamke mmoja wa jimbo la Washington huko Marekani, Louise Austin, alipata hataza ya mkasi unaokata namna hiyo. Ndiye mama wa mkasi wetu wa zigizaga, ule tunaoutumia kwenye mishono ya ndani pale ambapo hatuna ovaloki au kitambaa hakiihitaji. Kwa Kiingereza mkasi ule hadi leo unaitwa pinking shears. Wengi hudhani umeitwa hivyo kwa sababu ya rangi. Rangi haihusiki. Neno pale lina maana yake ya zamani, ya kukata ukingo kwa meno.

Kisha likawa ua, na ua lina harufu tunayoijua

Katika karne ya 16 Waingereza walianza kuliita pink ua dogo la bustani, ambalo wataalamu wa mimea huliita Dianthus. Ni jamaa ya lile ua la kanesheni linalowekwa kwenye mashada. Petali zake zimechongoka ukingoni kama zilizopitiwa na mkasi wa zigizaga, na kwa hiyo wengi wanaona ua limepewa jina kutokana na ule mkato. Wapo wanaosema jina limetoka Kiholanzi, kwenye neno la kitu kidogo, kama jicho dogo. Hoja yao ina mashiko pia. Mholanzi hadi leo kidole chake cha mwisho anakiita pink, na Mfaransa ua hilo hilo huliita kwa neno lenye maana ya kijicho.

Hapa sisi wa visiwani tuna fungu letu. Ua la kanesheni linanukia karafuu. Si kwamba linafanana kidogo tu. Harufu ile ndiyo iliyolipa jina lake la kitaalamu, Dianthus caryophyllus, na hilo neno la pili limetokana na jina la kale la karafuu. Waarabu nao ua hilo wanaliita qaranful, na karafuu pia wanaiita qaranful. Waturuki wanatumia neno moja kwa vyote viwili, karanfil. Na neno letu la karafuu limetoka huko huko kwenye Kiarabu.

Karafuu ilifika Unguja na Pemba karne ya 19 ikawa ndio uchumi wa visiwa hivi. Tumeianika kwenye majamvi, tumeitia kwenye pilau, na haikosekani kwenye singo ya bibi harusi. Kumbe ua lililoipa dunia ya Kiingereza neno pinki ni ua lililojulikana kwa harufu ya karafuu.

Mwisho kabisa ndipo likawa rangi

Maua ya Dianthus mengi yana wekundu uliopauka, na kidogo kidogo watu wakawa wanasema "rangi ya pink" kama sisi tunavyosema rangi ya zambarau au ya kahawia. Matumizi hayo yalishika mwishoni mwa karne ya 17. Kabla ya hapo Mwingereza alisema nyekundu iliyopauka, au rangi ya waridi, au rangi ya nyama ya mwili.

Jambo la kushangaza ni kwamba, wakati huo huo, wachoraji wa Ulaya walikuwa na kitu wanachokiita pink ambacho kilikuwa cha manjano. Ilikuwa rangi ya unga, iliyotengenezwa kwa maji ya matunda ya kichaka fulani yaliyochanganywa na chokaa na shabu. Iliuzwa kwa majina kama Dutch pink, na jina hilo lilidumu miaka mingi. Mtu angeingia dukani London karne ya 18 akaomba pink ya kuchorea, angefungiwa manjano na asingeshangaa. Maana ya neno inategemea nani analisema, wapi, na mwaka gani.

Tazama na lugha nyengine. Sisi tuna rangi ya waridi, na waridi tumelipata kwenye Kiarabu, ward. Wahindi husema gulabi, kutoka gulab, neno la Kiajemi lililounganisha ua na maji. Hayo ndiyo maji ya mawaridi tunayowanyunyizia wageni kwa mrashi siku ya harusi. Waturuki pinki wanaiita pembe, na hilo halina uhusiano na pembe ya ng'ombe wala na kisiwa chetu. Limetokana na Kiajemi panba, yaani pamba, neno lile lile lililotupa sisi jina la pamba. Kwa hiyo rangi moja, Mwingereza kaipatia jina kwenye ua na huenda kwenye mkasi, Mwarabu na Mhindi kwenye waridi, na Mturuki kwenye pamba. Hakuna hata mmoja aliyelitoa jina lake kwa mwanamke.

Wanaume walioivaa bila ya kuulizwa

Kabla ya dawa za viwandani, nyekundu nzuri ilitoka kwenye mizizi ya mimea, kwenye magome, au kwenye kidudu kidogo cha Mexico kilichokaushwa na kusagwa. Ilikuwa ghali. Pinki ilikuwa ni ile ile nyekundu iliyotiwa kidogo, kwa hiyo na yenyewe ilikuwa alama ya mwenye nacho. Katika majumba ya wafalme wa Ulaya karne ya 18, mwanamme aliweza kuvaa koti la hariri ya pinki lililodariziwa maua kwa nyuzi za fedha, na hakuna aliyemwona amepungukiwa. Wawindaji wa Kiingereza wa juu ya farasi walivaa makoti mekundu hasa, na makoti hayo wenyewe wakayaita pink.

Huko India, mji wa Jaipur ulipakwa pinki mwaka 1876 kumpokea mwana wa Malkia Victoria, na hadi leo unajulikana kwa rangi hiyo. Na sisi wenyewe tuliwahi kuwa pinki bila ya kutaka. Katika ramani za Waingereza, nchi zilizokuwa chini yao zilipakwa nyekundu, na mara nyingi ikapunguzwa kuwa pinki ili majina ya miji yasomeke juu yake. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao kuanzia 1890 hadi 1963. Rangi ile kwenye ramani haikumaanisha ulaini wala utoto. Ilimaanisha nani mwenye amri.

Mambo yalibadilika maabara zilipoanza kutengeneza rangi. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Henry Perkin, alipata rangi ya zambarau akiwa katika majaribio ya dawa. Mwaka 1859 Mfaransa François-Emmanuel Verguin akapata nyekundu yenye kuelekea pinki iliyokoza, ile inayoitwa majenta. Kuanzia hapo pinki ikawa rahisi, ikamfikia kila mtu. Mwaka 1937 mbunifu Elsa Schiaparelli akaiuza Paris ile pinki kali ya kushtua macho, na bado kila msimu tunaletewa satini yake.

Nani aliyesema ni ya watoto wa kike?

Hapa ndipo penye ugomvi, basi tupaeleze vizuri.

Karne ya 19 huko Ulaya na Marekani watoto wachanga, wa kike na wa kiume, walivishwa magauni meupe. Sababu ilikuwa ya kufulia. Nyeupe unaichemsha na kuitia dawa isipauke, na gauni ni rahisi kumbadilishia mtoto nepi. Ipo picha ya mwaka 1884 ya Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akiwa na miaka miwili na nusu, nywele ndefu na gauni jeupe.

Rangi nyepesi zilipoingia kwenye nguo za watoto, hapakuwa na sheria moja. Mwezi Juni 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto la Marekani, Earnshaw's Infants' Department, liliandika kuwa pinki ni ya wavulana kwa kuwa ina nguvu zaidi, na buluu ni ya wasichana kwa kuwa ni laini. Mwaka 1927 jarida la Time lilichapisha jedwali la maduka makubwa na rangi wanazowashauri wazazi. Baadhi ya maduka ya Boston, New York na Chicago yalisema pinki ni ya mvulana, mengine yakasema ni ya msichana. Mji mmoja, maduka mawili, majibu mawili.

Pinki ilielekea kwa wanawake hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Januari 1953 Mamie Eisenhower, mke wa rais mpya wa Marekani, alivaa gauni la pinki lenye vijiwe vya kumetameta zaidi ya elfu mbili, na wanawake wengi wakamfuata. Halafu miaka ya 1980 kipimo cha kuangalia mtoto tumboni kilipokuwa kitu cha kawaida, wazazi wakaanza kununua kabla ya kujifungua, na wenye viwanda wakaona faida. Ukiwa na vitu vya pinki vya mtoto wa kike, akizaliwa wa kiume utanunua upya vyote. Mtaalamu wa historia ya mavazi, Jo Paoletti, ameyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 2012.

Kwa hiyo mama unayekirudisha kitambaa kwa kuwa "pinki ya kike tangu asili", asili unayoisema ina umri wa bibi yako. Bibi wa bibi yako hakuijua.

Tunalisema hili kwa sababu tumeona linavyoumiza. Kuna bibi harusi aliyetaka vijana wadogo wa kumsindikiza wavae vizibao vya pinki iliyopauka juu ya kanzu zao, vifanane na pindo la gauni lake. Tulishakata vinne, viwili tumeshavitia bitana. Upande wa pili ukakataa, na maneno yakawa makubwa kuliko vizibao vyenyewe. Alinunua kitambaa chengine kwa pesa aliyoiweka kwa ajili ya vyombo vyake, na siku ya harusi watu wa pande mbili walikaa bila ya kusemezana. Hakuna aliyeuliza rangi hiyo ilikatazwa na nani.

Na dini je?

Swali hili tunaulizwa sana, na sisi ni mafundi, si wanavyuoni. Tutasema lile linalojulikana. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Amr bin Al-As, Allah amuwie radhi, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwona amevaa nguo mbili zilizotiwa usfur akamkataza. Usfur ni mmea ambao maua yake hutoa rangi ya manjano hadi nyekundu na pinki. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya hukumu hiyo kwa wanaume na sababu yake. Basi mwenye mtoto wa kiume au mume na ana shaka, amuulize sheikh anayemwamini, na aulize kabla ya kukata. Kumuuliza mwenye elimu ni jambo moja, na kumtishia mtu kwa mazoea ya maduka ya Marekani kana kwamba ni dini ni jambo jengine kabisa.

Kumbuka pia kuwa neno warda, waridi, limo ndani ya Surat Ar-Rahman, aya ya 37, katika kusifu mbingu zitakapopasuka Siku ya Kiyama. Rangi ile ile tunayoiita ya kitoto imetajwa mahali pa kuogofya. Kwa hiyo usimruhusu mtu akwambie rangi hii ina maana moja tu.

Kwako bibi harusi

Ikiwa moyo wako umependa pinki, ichague kwa macho na kwa hesabu:

Usiseme "pinki" tu kwa fundi. Mlete kipande. Pinki ya waridi kavu, ya ndani ya kombe, ya pera lililoiva na ile kali ya kushtua ni vitu vinne tofauti.

Kitazame kitambaa mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kisha ukitazame usiku chini ya taa. Ukumbini taa za manjano huifanya pinki iliyopauka ionekane kama rangi ya mwili, na kwenye gauni la shifoni hilo si jambo dogo kwa stara yako. Tia bitana iliyokoza.

Nunua yote kwa siku moja na kutoka jora moja. Jora la pili, hata likiwa na jina lile lile, halikosi kutofautiana.

Iweke pinki karibu na piko yako kabla hujaamua. Hina nyekundu na pinki ya baridi hugombana mkononi.

Na jambo kubwa kuliko yote, kaa na mama mkwe na mawifi mapema. Waoneshe kitambaa, wasikilize, wape heshima yao. Asemaye "haipendezi" ana haki ya kuwa na jicho lake, na pengine jicho lake ni zuri kuliko lako. Lakini asemaye "ina maana mbaya", mwambie kwa upole neno hili lilikopita: mkasi, ua lenye harufu ya karafuu, unga wa manjano, koti la mwindaji, ramani ya mkoloni, na duka la nguo za watoto. Maana zote hizo wametia watu, na watu wamezivua.

Allah azitie baraka ndoa zenu, awape maelewano kabla ya mapambo, na azisitiri nyumba zetu sote. Amin.

Wabillahi tawfiq.